Vichwa Viwili Kwenye Sinia: Uanze na The Brain That Wouldn't Die au Re-Animator?

Ukianza kufuatilia filamu za madaktari vichaa zilizotengenezwa kwa pesa ya mboga, hutafika mbali kabla ya kukutana na majina mawili: The Brain That Wouldn't Die ya mwaka 1962 na Re-Animator ya mwaka 1985. Zote ni za Marekani. Zote zina daktari asiyekubali kwamba maiti ni maiti, na zote zina kichwa cha mtu kilichotenganishwa na kiwiliwili, kimewekwa kwenye sinia la maabara, kinaongea. Ukiuliza uanze na ipi, mashabiki watakwambia tazama zote. Sawa, lakini mwenye usiku mmoja na bando la kuhesabu anastahili jibu lililonyooka kuliko hilo.

Mimi kigezo changu si ipi inatisha zaidi wala ipi ina damu nyingi, maana hapo mshindi anajulikana kabla ya kipyenga. Jiulize unataka kukaa upande wa nani kwa saa moja na nusu. Re-Animator inakukalisha na daktari, na utamfurahia hata ukijua hafai. The Brain That Wouldn't Die inakukalisha na kichwa.

Tahadhari kabla hatujaendelea: miisho yote miwili nitaitaja, kwa sababu bila hiyo ulinganisho huu haukamiliki.

Mchumba asiyetaka kuokolewa

Filamu ya 1962 inaanza na kiza. Hujaona uso wa mtu yeyote, unasikia sauti ya mwanamke inaomba aachwe afe. Kisha tunahamia chumba cha upasuaji. Mgonjwa amekata roho mezani, daktari mkuu ameshakubali yaishe, na mwanawe, Bill Cortner, anaomba aruhusiwe kujaribu mambo yake. Anaukanda moyo kwa mkono, anaushtua ubongo kwa umeme, na mgonjwa anarudi. Baba mtu hafurahii. Dakika chache tu, na tayari tatizo la Bill tumelijua: alijaribu, akafaulu.

Bill na mchumba wake, Jan Compton, wanaelekea nyumba ya mashambani ambako daktari ana maabara ya siri. Anaendesha gari kwa fujo. Ajali yenyewe huioni. Unaona vibao vya barabarani, kingo za barabara, uso wa dereva, kisha moto. Pesa ya kugongesha gari haikuwepo. Kinachofuata ni Bill kuviringisha kitu ndani ya koti lake na kukimbia nacho vichakani, amekikumbatia kifuani kama mpira wa raga. Damu hamna. Lakini unajua kilichomo, na koti halifunguliwi, na anakimbia, anakimbia. Filamu nyingi za siku hizi zenye pesa mara elfu haziwezi kukubana tumbo namna hiyo.

Chini ya ile nyumba, kichwa cha Jan kinawekwa kwenye sinia lenye dawa, kimezungushiwa bendeji, mirija inaingia na kutoka. Virginia Leith aliyemwigiza hakuwa mgeni mbele ya kamera: alikuwemo kwenye Fear and Desire ya mwaka 1953, filamu ndefu ya kwanza ya Stanley Kubrick. Hapa kanyang'anywa karibu kila kitu ambacho mwigizaji hukitegemea. Hana mikono, hana mwendo, hata kugeuza shingo hawezi. Kabaki na macho, midomo na sauti, na kwa hivyo vitatu anaibeba filamu nzima. Wenzake wengi wanaigiza kama wanasoma tangazo la mkutano. Yeye ananong'ona kwa chuki ya mtu aliyepata muda mrefu wa kufikiri.

Bill, yeye, katoka kwenda kutafuta mwili wa kumpachika. Hapa ndipo filamu inapokuwa chafu, na katika uchafu huo inasema kweli ambayo sina hakika watengenezaji waliikusudia. Daktari anazunguka kwenye klabu ya wacheza uchi, anaendesha gari taratibu pembeni ya wanawake wanaopita njia, anaingia kwenye mashindano ya urembo. Anachagua. Kamera nayo inachagua pamoja naye bila haya, saksafoni ya kivivu ikipigwa nyuma. Wanawake wawili wanapigana, na tukio linafungwa kwa sauti ya paka kulia nyau, mzaha wa daraja la chini kabisa. Halafu tunarudishwa maabara, kwa mwanamke ambaye hayo yote yanafanywa kwa jina lake na ambaye hakuyataka hata moja. Kila Bill anapotafuna kwa macho miguu ya mtu barabarani, unamkumbuka Jan, na unaanza kumchukia daktari kuliko ilivyopangwa.

Jan kapata rafiki. Nyuma ya mlango wa maabara kuna kitu kimefungiwa, mabaki ya majaribio ya Bill yaliyoharibika. Hakisemi, kinagonga tu. Yeye anakiuliza, chenyewe kinagonga. Wanaelewana haraka: mmoja ana akili bila mwili, mwingine ana mwili usiotazamika, na wote wanamdai mtu mmoja. Mazungumzo hayo ya sinia na mlango ndiyo sehemu bora ya filamu, nayo hayakugharimu kitu.

Aliyekuwa nyuma ya mlango ni Eddie Carmel, jitu kwelikweli, mzaliwa wa Tel Aviv aliyekulia New York na kupata riziki yake kwenye maonyesho. Mwaka 1970 mpigapicha Diane Arbus alimpiga nyumbani kwao Bronx, ameinama chini ya dari, wazazi wake wamesimama kando wakimtazama juu. Ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana duniani za karne iliyopita. Itafute kabla ya kutazama filamu. Mlango ukija kufunguka, hutaona zimwi peke yake.

Kuna pia Kurt, msaidizi wa daktari, mwenye mkono mmoja ulioharibika kwa sababu Bill alijaribu kumpandikizia. Zimwi linamnyofoa ule mzima. Basi Kurt anapanda ngazi akijipaka ukutani, anaingia sebuleni, anazunguka, anarudi tena chini, na safari inaendelea mpaka unataka kumwambia, kaka, lala tu. Ni tukio la kuchekesha na la kutia kichefuchefu kwa wakati mmoja, na sijui waliwezaje kulifanya refu namna ile katika filamu ambayo kila futi ya mkanda ilihesabiwa.

Kijana mwenye sindano

Ukihamia Re-Animator unahamia kwa watu wanaojua kabisa wanachofanya. Stuart Gordon aliyeiongoza alitokea jukwaani, kwenye kundi la Organic Theater la Chicago, na inaonekana: waigizaji wake wanajua kusimama, kupokezana maneno, kungoja sekunde moja kabla ya kutamka la kuchekesha. Hadithi imetolewa kwa H. P. Lovecraft, aliyeiandika kwa sehemu kwenye jarida dogo la Home Brew mwaka 1922, ila Gordon na wenzake wameileta kwenye hospitali ya miaka ya themanini yenye taa nyeupe na korido za vigae.

Herbert West, anayeigizwa na Jeffrey Combs, ni mwanafunzi wa udaktari mwenye miwani na tai, asiyejua kuomba radhi. Anafika chuo cha kubuni cha Miskatonic akitokea Zurich, alikoacha profesa aliyepasuka macho. Darasani, mhadhiri wake Carl Hill anafundisha kwamba ubongo uliokosa uhai hauwezi kurudishwa baada ya dakika kadhaa, na West, badala ya kunyoosha mkono, anavunja penseli. Moja. Kisha nyingine. Hill anamshauri atafute kalamu. Ugomvi wa filamu nzima umekaa katika penseli hizo, na hakuna aliyepandisha sauti.

West anapanga chumba kwa Dan Cain, kijana mwema mwenye mchumba aitwaye Megan, binti wa mkuu wa chuo. Muda si muda paka wao anakutwa kwenye friji ya mpangaji, kakauka. Dan anahamaki: angalau ungeacha ujumbe! West anamuuliza, kwa uso mkavu, ujumbe huo ungesemaje: paka amekufa, maelezo baadaye? Combs halimung'unyi jibu lile, wala hatabasamu ili ujue anatania. West hatanii hata siku moja, na ndiyo maana utacheka.

Dawa yake ni ya kijani na inawaka gizani; ndani ya sindano walitia kile kimiminika cha vijiti vya plastiki vinavyong'aa ukivivunja. Rahisi, na hakuna anayeisahau rangi ile. Inafufua, lakini anayefufuka huamka na hasira tupu, na West kila mara ana maelezo yaleyale: maiti haikuwa mbichi vya kutosha, kipimo hakikuwa sawa. Umewahi kukutana na mtu wa namna hiyo ofisini.

Kichwa cha filamu hii ni cha yule Hill. Anakuja kumwibia West ugunduzi wake, West anamkata kichwa kwa sepetu. Badala ya kukimbia, anapata udadisi. Anakichukua kichwa, anakiweka kwenye sinia, kinaanguka upande. Anakisimamisha, kinaanguka tena. Anatazama mezani, anaona ule mwiba wa chuma wa kuchomekea karatasi, anakichomeka kichwa hapo. Kimetulia. Kwa kero ya mtu anayepanga vitu mezani asubuhi, amefanya jambo la kutisha kuliko kukata shingo lenyewe. Halafu anachoma sindano mbili, moja kichwani na moja kiwiliwilini, kuona nini kitatokea.

Kinachotokea ni kwamba Hill anakuwa watu wawili wenye nia moja. Kiwiliwili kinatembea kimebeba kichwa chake; ili kupita hospitalini bila kushtukiwa kinavaa juu ya shingo kichwa cha plastiki cha kufundishia, chenye barakoa. David Gale, aliyekuwa Hill, alikuwa na sura ndefu ya heshima, aina ya profesa ambaye hata akiwa hana mabega bado anataka umwite profesa.

Sasa lile la kusemwa waziwazi. Kuelekea mwisho kichwa cha Hill kinamfanyia Megan udhalilishaji wa kimwili akiwa amefungwa mezani mochwari, uchi. Wapo wanaoliita tukio hilo kilele cha uthubutu wa filamu. Mimi naliona kama mahali ambapo werevu wa Gordon ulimwacha dakika chache. Barbara Crampton anaigiza kwa ujasiri kuliko tukio lenyewe linavyostahili, lakini kama jambo la namna hiyo linakuumiza, ujue lipo, ni refu, na halifichwi.

Umaskini wa aina mbili

The Brain That Wouldn't Die iligharimu takriban dola 62,000 na kupigwa kwa siku 13 hivi, mwaka 1959, huko Tarrytown jimbo la New York. Joseph Green aliiandika na kuiongoza. Ilikaa kabatini hadi American International Pictures walipoitoa mwaka 1962. Jina la filamu lilibadilishwa njiani bila mtu kukumbuka kulibadilisha kote: mwanzo unasoma The Brain That Wouldn't Die, mwisho unasoma The Head That Wouldn't Die. Huo ndio uangalizi uliokuwepo.

Re-Animator ilipewa takriban dola 900,000. Ukizingatia jinsi dola ilivyoshuka thamani kati ya miaka hiyo, ni kama mara nne ya ile ya kwanza, kiasi ambacho kwa Hollywood ya 1985 bado ni pesa ya chai. Tofauti ni walikoziweka. Mpigapicha Mac Ahlberg ametia mwanga kila chumba kwa makini, maiti za mochwari kila moja ina kifo chake, na muziki wa Richard Band unabonyeza sawasawa, ingawa nyuzi za mwanzo zinafanana mno na zile za Bernard Herrmann kwenye Psycho ya 1960. Kufanana kule watu walikuona siku ileile, na bado wanaendelea kukusema.

Kwa hiyo usitegemee ufukara wa aina moja. Kwenye ya 1962 unauona umaskini: chumba kilekile, ukuta uleule, mtu anayesema mambo matano amesimama kwa sababu kumhamisha kungedai taa nyingine. Kwenye ya 1985 umefichwa vizuri, na unaweza kumaliza usijue. Kuna watazamaji wanaopenda kuona uzi. Kama wewe ni mmoja wao, Re-Animator itakuridhisha kama filamu, lakini ile raha ya kunyoosha kidole hutaipata.

Na sayansi? Ya Bill imezeeka kwa namna ya ajabu. Filamu ilipopigwa, upandikizaji wa figo uliofaulu, ule wa Boston wa Desemba 1954 kati ya mapacha wa kufanana, ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Mwaka huohuo wa 1954, huko Urusi, daktari Vladimir Demikhov alikuwa akipandikiza kichwa na miguu ya mbele ya mbwa mdogo kwenye shingo ya mbwa mkubwa, na picha zake zilizunguka dunia. Moyo wa mtu ulikuwa bado. Huo ulisubiri Cape Town na Christiaan Barnard, Desemba 1967. Mtazamaji wa 1962 hakuwa anaangalia uchawi. Alikuwa anaangalia jambo ambalo magazeti yalimwambia liko njiani, na akijiuliza ni nani atakayeulizwa ridhaa.

Hofu ya Re-Animator ni nyingine: kifo kinaanza lini? Kamati ya Harvard ilipendekeza mwaka 1968 kwamba kufa kwa ubongo kuhesabiwe kifo, mashine za kupumulia zikaanza kuzimwa kwa kigezo hicho, na kufikia miaka ya themanini mabishano yalishahamia kwenye wodi za kawaida. Penseli za West zinavunjwa juu ya swali hilo. Ila filamu hailitafuni sana. Inalitumia kama ngazi ya kupandia kwenye vurugu, na vurugu ndizo zinazolipa kiingilio.

Giza la mwisho

Filamu hizi mbili zinaisha kwa njia moja kabisa, skrini nyeusi na sauti ya mwanamke. Kwenye ya 1962 Bill anamziba Jan mdomo kwa plasta ili apasue kwa amani. Zimwi linatoka, linamng'ata shingo, moto unashika, linamchukua yule msichana mwingine aliyeletwa kukatwa na kumtoa salama. Jan anabaki ndani ya moto, mdomo wake umefunguka. Anamkumbusha Bill kwamba alimwambia amwache afe. Kisha anacheka. Kicheko kile kinaingia kwenye kiza na wewe.

Kwenye ya 1985 Dan anashindwa kumwokoa Megan kwa njia za kawaida. Anachukua ile dawa ya kijani, anachoma. Mwanga wa skrini unakwisha, kijani kinabaki peke yake, nacho kinapotea, ndipo Megan anapopiga ukelele.

Sauti moja ni ya mwanamke aliyelipa kisasi. Nyingine ni ya mwanamke aliyerudishwa bila kuulizwa, yaani ni pale hasa ambapo hadithi ya Jan ilianzia. Filamu bora kati ya hizi mbili, na Re-Animator ndiyo bora, inakomea mlangoni mwa ile mbovu. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye usiku mmoja na subira kidogo namwambia aanze na ile mbovu. Mwenye kuogopa kuboreka aende moja kwa moja kwa West na asione haya.

Kabla hujabonyeza

The Brain That Wouldn't Die haina hakimiliki Marekani, maana nakala za mwanzo zilitoka bila tangazo la umiliki. Unaipata bure na kihalali mtandaoni, ikiwemo Internet Archive. Angalia urefu: nzima ina dakika 82. Ukikuta ya dakika 71, hiyo imenyofolewa, ikiwemo safari ya Kurt. Nakala nyingi zina ukungu, na filamu hii inavumilia ukungu.

Re-Animator ni ya kununua au kukodi. Hapa urefu unadanganya kwa upande wa pili: ile kamili, iliyoingia sinema bila daraja la umri kwa sababu bodi ingeipiga rungu, ina dakika 86. Ipo nyingine inayozidi dakika 90, imepunguzwa damu na kujazwa mazungumzo ili ikubalike kwenye maduka ya kaseti. Chukua fupi.

Kuhusu lugha, Kiingereza cha 1962 ni cha polepole, mtu anaeleza anachofanya huku akikifanya, kwa hiyo hata asiyekijua sana atafuata. Re-Animator inakimbia na ina maneno ya kidaktari. Washa maandishi ya chini, maana ukikosa majibu ya West umekosa nusu ya filamu. Kama umezoea kutazama kwa sauti ya Lufufu au DJ Afro, basi ile ya 1962 imeshafanyiwa hivyo huko kwao: mwaka 1993 kipindi cha Mystery Science Theater 3000, ambamo mtu na maroboti wake hukaa mbele ya skrini na kuisema filamu mwanzo mwisho, kiliichukua hiyo. Inachekesha, ila usianze nayo. Kejeli zao zinamfunika Jan, na Jan ndiye aliyekuleta.

Za kutazama na nani? Ile ya 1962 unaweza kuiweka sebuleni vijana wakubwa wakiwepo, ukijiandaa kwa wacheza uchi wasiovua kitu cha maana na kwa mkono wa Kurt. Re-Animator usiiweke mkwe akiwa ndani. Si utani.

Kama zote mbili hazikufai

Wapo wanaotaka daktari kichaa wa zamani, mwenye lafudhi na vidole vya kuzungusha hewani. Hao waende kwa Bela Lugosi. The Devil Bat ya 1940 ni dakika 68 za mtaalamu wa vipodozi aliyehisi kudhulumiwa na matajiri wake, akafuga popo wakubwa na kuwafundisha kushambulia yeyote anayenukia marashi fulani ya baada ya kunyoa. Anawapa wahanga chupa kwa mkono wake, anawashauri wajipake shingoni, kisha anawaaga kwa sauti ya mtu anayejua hawataonana tena. Ni nyepesi, nayo ni bure mtandaoni.

Bride of the Monster ya 1955, ya Ed Wood, ni mbovu zaidi na inaumiza zaidi. Pweza wa mpira hajongei, mwigizaji analazimika kujizungushia mikono ya pweza mwenyewe huku akipiga kelele. Lakini kuna hotuba moja ambapo Lugosi, mzee, amekonda, anasema hana kwao, amefukuzwa, amedharauliwa, na ghafla humwoni tena Dakta Vornoff anayemwigiza. Alifariki Agosti 1956. Hiyo ndiyo filamu ya mwisho aliyopewa maneno ya kusema.

Na kama unaona vichwa kwenye masinia ni utoto, X: The Man with the X-Ray Eyes ya Roger Corman, ya 1963, ndiyo ya watu wazima. Ray Milland, mwenye Oscar ya The Lost Weekend, anajitia dawa machoni ili aone kupita mwisho wa macho ya kawaida. Kwanza anaona ndani ya miili ya wagonjwa, kisha kupita nguo za watu kwenye tafrija, kisha karata za Las Vegas. Macho hayarudi nyuma. Nyumba zinageuka mifupa ya chuma, kope zikifungwa hazizuii kitu, na analazimika kuvaa miwani nene ili apate kagiza ka kulalia. Hapo daktari na aliyefanyiwa ni mtu mmoja, na Milland anaiigiza bila kukonyeza. Dakika 79. Hila zake za rangi zimechuja, hilo kubali mapema, na usisome popote kuhusu dakika ya mwisho kabla hujaifikia.